Mteja Aliyenikataza Kunyamaza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya unasihi mmeniuliza mara nyingi kwa nini nilitumia karibu maisha yangu yote ya kazi nikiwa barabarani na wateja, kana kwamba sikupewa ofisi. Ofisi nilipewa. Tatizo lilikuwa ukuta wake.

Nilianza Mbeya, katika hospitali moja ambayo sitaitaja kwa sababu walioko pale sasa ni watu wema. Chumba cha unasihi kilikuwa kipande cha korido kilichokatwa kwa silingibodi. Upande wa pili wa silingibodi kulikuwa na benchi la wagonjwa wanaosubiri dawa, na dawa zenyewe zilikuwa hazina haraka.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mama Mbilinyi, mama wa Kibena mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akifanya kazi hii tangu haijapewa jina la unasihi. Alinionyesha kiti cha mteja, kiti changu, na kitambaa cha kufutia machozi.

"Kazi yetu ina vitu vitatu tu, mwanangu," akaniambia. "Kiti, kitambaa, na mdomo uliofungwa. Hicho cha tatu ndicho kitakachokusumbua."

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama muuza viazi. Akaketi, akasema mume wake hamsemeshi. Nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Kabla sijanyamaza vya kutosha, sauti ya mwanamume ikatoka ukutani.

"Mpikie ndizi."

"Suala si chakula," ikajibu sauti ya mwanamke, huko huko ukutani. "Hujamsikia? Anasema hasemeshwi."

"Mtu akishiba anasema."

Mteja wangu akageuza kiti chake kuelekea silingibodi na kuendelea kueleza huko. Benchi zima lilishiriki. Alipoondoka alinishukuru kwa heshima, lakini nilimwona akipita benchini na kuwashika mikono mmoja mmoja. Nilimlalamikia Mama Mbilinyi. Alifikiri kidogo, akasema, "Wale wana uzoefu."

Aliyetutoa nje ni Mwalimu Lusajo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa Kinyakyusa, mpole, mwenye kola iliyopigwa pasi vizuri. Ukuta wa darasa lake ulikuwa umeanguka kwa mvua wakati watoto wako mapumziko. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo Mwalimu akiingia ndani ya chumba chochote sauti ilikuwa inakatika. Mkewe alikuwa ameanza kumpelekea chakula barazani. Shule ilikuwa imemvumilia muhula mzima, na ilikuwa karibu kuacha kumvumilia.

Akaingia kwenye kile chumba chetu, akaketi, akaangalia silingibodi, na silingibodi ikamwambia, "Mwalimu, jikaze."

Akasimama akatoka. Nilimtazama Mama Mbilinyi kusubiri maelekezo ya kitaalamu.

"Mfuate," akasema.

Nilimfuata na viatu vyangu vya ofisini. Tulitoka getini, tukaingia mitaa ya Ilomba, matope yakiwa bado mabichi. Hatukuwa na mpango. Yeye alikwenda, mimi nikaenda pembeni yake. Tulipozipita nyumba za mwanzo, bila kunitazama, akaanza kusema. Alisema mfululizo, kama bomba lililokuwa na hewa. Aliniambia kwamba kila usiku anahesabu wanafunzi wake kichwani, na kila usiku anakosa mmoja, ingawa wote ni wazima. Kama tungekuwa tumeketi uso kwa uso asingeweza kunieleza jambo hilo. Mtu akitembea macho yake yana kazi ya kuangalia njia, basi mdomo unaachwa huru. Hilo ndilo somo lote. Mengine mtasoma kwenye vitabu vyenu.

Shida ya kutembea na mteja Mbeya ni salamu. Hatukuweza kupita nyumba mbili bila kusimamishwa. "Ndaga." "Ndaga." Mmeamkaje, watoto hawajambo, mama wa kule Tukuyu anaendeleaje, na huyu ni nani. Mwalimu alikuwa anafika kwenye neno gumu kabisa la maisha yake, anavuta pumzi, halafu mzee wa kanisa anatokea kwenye kona na shikamoo inabidi itolewe.

Mama Mbilinyi ndiye aliyepata dawa yake. Alinipa bahasha kubwa ya kaki, ile ya kuwekea picha za eksirei, ikiwa tupu. "Ishike mbele ya kifua," akasema. "Usifungue, usieleze." Ilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Watu wakiiona bahasha ile walikuwa wanapunguza sauti, wanatupisha njia, na wengine wanavua kofia. Nimetumia bahasha ya namna hiyo miaka yote. Ikichakaa naomba nyingine.

Mwalimu Lusajo alirudi kazini. Lakini alirudi na masharti yake, kwamba atafundisha akitembea. Mkuu wa shule alikuwa anapita madarasani na kukuta darasa la tano ni madawati matupu, huku sauti zikikariri majina ya mito mahali fulani nyuma ya vyoo. Alilalamika kwetu. Mama Mbilinyi akamuuliza kama watoto wanafaulu. Wanafaulu, akasema, ila viatu vinaisha.

Nilihamia Iringa Mama Mbilinyi akiwa ameshastaafu. Huko nilipata chumba chenye ukuta wa tofali, na daktari mfawidhi aliyependa mambo yaende kwa mwongozo. Nilipomweleza kwamba wateja wangu natembea nao, alifungua mwongozo akanisomea sentensi moja, kwamba huduma itolewe mteja akiwa ameketi. Tulijadiliana. Sikushinda wala sikushindwa. Tuliafikiana kwamba nitatembea na wateja, ila nitakuwa na kiti. Basi nilitembea Iringa nikiwa na bahasha ya kaki mkono mmoja na kigoda cha mninga mkono mwingine. Mteja alikuwa anakalia kigoda getini, anasimama, tunatembea, tukirudi anakikalia tena, na mwongozo unakuwa umefuatwa. Kigoda kile kilikuwa kizito. Kama mna nafasi ya kuchagua, chagueni cha msonobari.

Kwa zana hizo nikampokea Baba Neema.

Baba Neema alikuwa dereva wa lori la mbao, makazi yake Ipogolo, njia yake Mafinga hadi Dar. Miaka mingi alikuwa na utingo mmoja, Festo, kijana wa kijiji kimoja cha Mufindi. Mwaka mmoja kabla sijamfahamu, walikuwa wanatoka Mafinga na mzigo, na Festo akafia kwenye kiti chake, kimya kimya, lori likiwa linakwenda. Moyo, walisema hospitali. Baba Neema hakujua. Aliendelea kuongea naye hadi Ipogolo, akapaki mbele ya nyumba yake, akamwambia shuka tule. Ndugu walikuja kuuchukua mwili wakati yeye bado anatoa maelezo polisi, kama ilivyo kawaida mtu akifia barabarani, na Festo akazikwa kwao, Baba Neema akiwa hayupo. Tangu hapo hakugusa usukani. Lori lilikaa nje ya nyumba, kuku wakiatamia chini yake. Neema alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka chuoni, na mama yake alikuwa anauza kabichi sokoni ili nyumba ile iendelee kuitwa nyumba.

Haya alinieleza mkewe. Baba Neema mwenyewe, siku ya kwanza, aliketi kwenye kigoda pale getini nami nikasimama pembeni yake, mdomo nimeufunga kitaalamu kabisa. Baada ya muda akainuka. Akanisogelea, akanitazama usoni, kisha akaweka kiganja chake mbele ya pua yangu na kukiacha hapo.

"Napumua, Baba Neema," nikamwambia.

"Mama Sekela, nakuomba kitu kimoja," akasema. "Usinyamaze."

Wadogo zangu, nilikuwa nimetumia miaka kujifunza kunyamaza. Nilikuwa nafundisha wengine. Na huyu ndiye mteja aliyekuwa anahitaji msaada kuliko wote niliowahi kuwa nao, na kimya changu kilikuwa kinamtoa jasho.

Nilijaribu kuitikia "mh" kila hatua, koo likakauka. Nilijaribu kuongea habari za bei ya kabichi, akasema nikiongea hawezi kuongea yeye. Mwisho tukakubaliana niwe naimba puani, taratibu, ili asikie kwamba nipo hai. Sasa mimi naimba kwaya, na nyimbo ambazo kwaya yetu imezifanyia mazoezi hadi zikakaa mwilini ni zile za mazishini. Sikuwa na nyingine ninayoweza kuimba nikipanda mlima na kigoda.

Tukaanza kutembea. Yeye mbele, mimi nyuma yake kama tela. Alikuwa anatembea kama anavyoendesha. Kabla ya kukata kona alikuwa ananyoosha mkono. Lori likija alikuwa analiashiria lipite. Kwenye ule mwinuko wa kutoka Ipogolo kwenda mjini alikuwa anapunguza mwendo na kuinama kidogo, kana kwamba ameshusha gia. Kila baada ya muda anauliza bila kugeuka, "Upo?" nami naitikia "Nipo," kisha narudi kwenye ubeti.

Na alikuwa anasimulia. Alianzia Mafinga kila siku, anaeleza mbao zilivyofungwa, hali ya hewa, walichokula. Anakuja nayo safari mpaka Ifunda. Ifunda anasimama. Kesho yake tunaanza tena Mafinga. Nilijua kila kichaka cha njia ile hadi Ifunda, na zaidi ya hapo giza. Mama Neema alikuwa ananiuliza jioni, "Leo mmefika wapi?" nami namwambia, "Ifunda," naye anapumua na kurudi jikoni.

Siku alipopita Ifunda ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tulikuwa tumeshuka kuelekea mtoni na tunarudi, watu wamejaa barabarani.

"Pale Ifunda nilimwangalia," akasema, "nikaona kalala. Kichwa kimeegemea kioo. Nikaendelea kuongea naye."

Akanyoosha mkono wa kushoto, akasogea pembeni ya barabara, akasimama, na kulia. Kilikuwa kilio cha mtu mzima aliyekizuia mwaka mzima, na kilisikika hadi ng'ambo ya barabara kuu. Mimi nikabaki nimesimama nyuma yake na bahasha ya kaki kifuani, nikiimba wimbo wa kushusha jeneza.

Mama muuza nyanya ndiye aliyeinuka wa kwanza. Akajifunga kanga vizuri, akaja, akasema, "Poleni sana," akasimama nyuma yangu. Kisha wakaja mafundi baiskeli. Nilitaka kuwaeleza. Lakini kueleza kulinihitaji niache kuimba, na nilihofia nikiacha wakati huo, kati ya Ifunda na Ipogolo, nitampoteza mteja wangu moja kwa moja. Basi niliwatikisia kichwa. Kwenye msiba mtu akikutikisia kichwa maana yake ni kwamba jambo ni zito kuliko maneno. Wakazidi kuja. Mtu mmoja akanipokea kigoda kwa adabu. Baba Neema alipoanza kutembea tena kuelekea nyumbani, nyuma yangu kulikuwa na msafara, na nusu yake walikuwa wanaujua ule wimbo vizuri kuliko mimi. Walichukua sauti ya pili.

Habari ilipanda bodaboda ikatutangulia. Tulipofika tulikuta turubai limeshafungwa kwenye lori la Baba Neema upande mmoja na kwenye mti upande wa pili, kuku wamehamishwa, maharage yako motoni. Mama Neema alikuwa anatoka sokoni. Aliona turubai nyumbani kwake, akaachia tenga la kabichi, akaja mbio. Alimkuta mumewe ameketi mkekani, hai, analia. Akamtafuta Neema, akamkuta anagawa maji.

"Sasa nani?" akaniuliza. "Mama Sekela, nani amekufa?"

Nikamwimbia.

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mgaya, alikuwa amekalia kigoda changu. Naye alihitaji jina ili atangaze. Akainama kwa Baba Neema na kumuuliza taratibu. Baba Neema akasema, "Festo."

"Festo yupi? Yule utingo wako?" Mzee Mgaya akafikiri. "Huyo si alizikwa mwaka jana, kwao Mufindi?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Nilikuwa polisi natoa maelezo."

Pale chini ya turubai watu walitazamana. Mafundi baiskeli walianza kuangalia viatu vyao. Nilidhani kazi yangu Iringa imeishia hapo. Mzee Mgaya aliangalia turubai, akaangalia kina mama waliokwisha kujipanga kuimba, akaangalia sufuria.

"Msiba si dawa, kwamba unaisha muda wake," akasema. "Na maharage yameshaiva. Haya, tusomewe wasifu wa marehemu."

Hakukuwa na aliyeandika wasifu. Baba Neema akainuka mwenyewe. Alianzia mbali kuliko Mafinga. Alieleza Festo alivyokuja kuomba kazi akiwa hajui hata kufungua boneti, alivyokuwa anapenda mahindi ya kuchoma ya Makambako kuliko ya mahali pengine popote, alivyomfundisha Neema kuendesha baiskeli kwenye uwanja huo huo tulioketi. Kisha akapanda lori. Akapita Ifunda. Akapita Tanangozi. Akaongea na mtu aliyelala, mpaka akafika Ipogolo, akapaki pale pale lilipofungwa turubai, akasema shuka tule.

Mnajua watu wa huku wanavyosikiliza. Hawanyamazi. Kila sentensi aliyosema iliitikiwa, "eeh", "pole baba", "mh", uwanja mzima, bila kupumzika. Nikagundua kwamba nimefunga mdomo, na yeye hajageuka kuuliza kama nipo.

Jumatatu mfawidhi akaniita.

"Nimesikia umefanya msiba Ipogolo."

"Ndiyo, Daktari."

"Marehemu alikuwa mgonjwa wetu?"

"Hapana. Alifariki mwaka jana."

"Na kiti kilikuwepo?"

"Kilikuwepo. Alikikalia mwenyekiti wa mtaa."

Akaandika hilo, akaonekana ameridhika, na halikuzungumzwa tena.

Ingeweza kuishia hapo, lakini Baba Neema alikuwa bado hapandi lori. Aliwafukuza kuku, akafungua mlango, akaangalia kiti cha pili, akafunga. Mkewe akamuuliza kimebaki nini. Akasema kuna jambo hakulisema siku ile mbele za watu, na anayepaswa kuambiwa ni mama yake Festo. Akaniomba niwasindikize.

Tulikwenda kwa basi hadi Mafinga, tukachukua gari dogo, kisha tukatembea, kwa maana kijiji chenyewe kiko ndani. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu na baridi ya Mufindi mnayoijua. Nilikuwa nimeacha bahasha na kigoda nyumbani. Niliimba njia nzima, na hakuna aliyetufuata ila mbwa.

Mama yake Festo alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa sweta mbili. "Kamwene," akatusalimu, na tukaitikia. Baba Neema akapiga magoti pale pale mlangoni.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa naye."

"Nakujua. Nilikusubiri kwenye mazishi."

"Nilikuwa polisi, mama."

"Niliambiwa." Akamtazama. "Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Mimi ndiye niliyekuwa naongea."

"Ulikuwa unamwambia nini?"

Baba Neema alinigeukia. Mkewe alikuwa ameshika ukingo wa kanga yake kwa mikono miwili.

"Nilikuwa namgombeza," akasema. "Aliacha jeki Mafinga. Nilimgombeza toka Ifunda mpaka nyumbani, mama. Mtu ameshakufa, mimi namgombeza kwa jeki."

Yule mama aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, nami nikasogea, kwa sababu nilijua nini kinafuata. Sikujua. Alikuwa anacheka.

"Festo," akasema, akijifuta macho. "Siku ya kipaimara chake aliacha viatu mtoni. Alipiga magoti mbele ya askofu miguu peku." Akacheka tena, kisha akaacha. "Mwaka mzima nimekaa nikiwaza kwamba mwanangu alikufa pembeni ya mtu asiye na habari naye. Kumbe alikuwa anagombezwa."

Akamshika Baba Neema mkono, akamwinua, akatuongoza nyuma ya nyumba, kwenye mianzi. Kaburi lilikuwa safi, limefyekwa asubuhi hiyo.

"Mgombeze tena," akasema. "Nisikie."

Baba Neema alivua kofia. Alipoanza sauti ilikuwa ndogo. "Festo. Jeki umeacha wapi?" Kisha ikakua. "Nimekuuliza Mafinga, Festo, umesema ipo. Tukipata pancha hapa Ifunda na mzigo huu nitanyanyua lori kwa meno? Na wewe unalala. Unalala kama umelipa nauli." "Na viatu," mama akasema pembeni yake. "Na viatu vya watu unaacha mtoni," akaendelea Baba Neema. Akampitisha Tanangozi akimgombeza, akamteremsha Ipogolo akimgombeza, machozi yakimshuka hadi kwenye kola, akapaki mbele ya nyumba. "Haya, shuka," akasema. "Shuka tule."

Hapo maneno yakamwishia. Upepo ukapita kwenye mianzi, na baada ya hapo hakukuwa na sauti yoyote. Kwa mazoea nilivuta pumzi ili niimbe. Baba Neema aliniwekea mkono begani, taratibu, akatikisa kichwa.